Mkabaji hasubiri umbali wa ngumi

Dar es Salaam wanaiita roba au kabali. Nairobi wanaiita ngeta. Jina linabadilika ukivuka Namanga, lakini kitendo ni kilekile: mtu anatokea nyuma, mkono mmoja unazunguka shingo, wa pili unaubana, na mwenzake anajitokeza mbele kupekua mifuko. Muda si mrefu aliyekabwa yuko chini. Simu haipo, pochi haipo, na wakati mwingine hata fahamu hazipo.

Ni shambulio ambalo halihitaji silaha wala nguvu nyingi. Mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani ikibanwa sawasawa pande zote mbili za shingo, mtu mzima anaweza kupoteza fahamu kabla ya sekunde 15 kwisha. Koo lenyewe likibanwa kwa mbele, maumivu ni makali zaidi na hatari ya kuvunja njia ya hewa ni kubwa zaidi.

Sasa mfikirie kijana anayefanya mazoezi ya ndondi au karate mara tatu kwa wiki. Anajua kurusha ngumi ya kushoto, anajua kupiga teke la pembeni, mkanda wake umeshabadilika rangi mara kadhaa. Usiku mmoja anashuka daladala kituo cha mwisho, anakata uchochoro kuelekea nyumbani, na mkono unamzunguka shingo. Ngumi zake zinatazama mbele na adui yuko nyuma. Teke lake linahitaji nafasi, na nafasi haipo. Mengi aliyojifunza yalianzia mtu akiwa amesimama hatua mbili mbele yake, na mkabaji hasubiri umbali huo.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo walimu wa michezo ya kujihami katika ukanda huu wanaulizwa mara kwa mara: je, anayejua kupiga anahitaji kujifunza pia kukamata na kubwaga? Na anayejua judo, je, anaweza kuishi bila kujifunza kupiga na kupigwa?

Umbali tatu, maarifa mawili

Ugomvi wowote wa mikono mitupu hupita katika umbali wa aina tatu. Upo umbali wa kupiga, ambapo ngumi au teke linafika lakini watu hawajashikana. Upo umbali wa kushikana, ambapo mmoja amemkunja mwenzake shati, amemkwida kola au amemkumbatia kiunoni. Na upo umbali wa chini, ambapo mmoja au wote wawili wameshaanguka.

Ndondi, karate, taekwondo na mchezo wa ngumi na mateke ni maarifa ya umbali wa kwanza. Mwamuzi wa ndondi akiona mabondia wamekumbatiana, huwatenganisha. Bondia akianguka, mpinzani hupelekwa kwenye kona na hesabu inaanza. Maana yake ni kwamba mchezo unasimama palepale ambapo ugomvi wa mtaani huwa unapamba moto.

Judo inaanzia pale mwamuzi wa ndondi anapokatiza. Wachezaji hushikana kola na mkono wa vazi, na kazi yote ni kumvuruga mwenzako mizani, kumpiga mtama au kumpitisha juu ya nyonga hadi atue kwa mgongo. Akiwa chini, yapo maarifa ya kumbana asiinuke, ya kumkunja kiwiko na ya kumkaba. Lakini katika mashindano ya judo hakuna anayerusha ngumi, na kwa sababu hiyo mchezaji anaweza kukaa miaka kumi akisogeza uso mbele bila kinga, akiinama kutafuta mshiko, na asiadhibiwe kwa kosa hilo hata mara moja. Mtaani ataadhibiwa siku ya kwanza.

Ndiyo maana jibu la walimu wengi wenye uzoefu ni fupi: kila upande una shimo, na shimo la mmoja ndilo jengo la mwingine.

Majirani wa tangu zamani

Wazo la kuchanganya maarifa haya si la jana. Mwasisi wa judo, Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa kijana mwenye umbo dogo aliyeonewa na wenzake shuleni. Akajifunza aina mbalimbali za jujitsu, mapigano ya kale ya Wajapani, na mwaka 1882 akafungua shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Ukumbi ulikuwa na mikeka 12 na wanafunzi wa kwanza walikuwa tisa tu.

Kano hakufuta mapigo. Aliyaweka katika mfululizo rasmi wa mazoezi ya kupangwa, ambapo wawili wanajua nani atafanya nini. Alichokitoa ni mapigo katika pambano la mazoezi ya kila siku, kwa sababu watu wawili hawawezi kupigana koo na macho kila jioni kwa nguvu zote na kesho wakarudi tena. Kubwaga na kubana, kwa upande mwingine, vinaweza kufanywa kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayekataa, na wote wakaenda nyumbani wazima.

Mwaka 1922, mwalimu kutoka Okinawa, Gichin Funakoshi, alifika Tokyo kuonyesha karate, ambayo wakati huo ilikuwa haijulikani sana nje ya visiwa vyake. Kano alimwalika Kodokan aonyeshe mbele ya wanafunzi wake. Karate ikachukua kwa majirani zake wa judo mavazi meupe na utaratibu wa mikanda. Mikanda myeusi ya kwanza ya Funakoshi ilitolewa mwaka 1924. Kwa hiyo mtoto anayefunga mkanda wa karate leo Arusha au Kisumu amevaa, bila kujua, kitu kilichoanzia judo.

Kodokan yenyewe ilirudi kwenye suala la kujihami mwaka 1956, ilipotoa mfululizo wa mbinu 21 uitwao Goshin-jutsu. Mbinu 12 ni za mikono mitupu, zikiwemo za kujinasua kwa mtu aliyekukaba kutoka nyuma na za kukabili anayekupiga ngumi na mateke. Tisa ni dhidi ya kisu, fimbo na bastola. Yaani judo kamili ilikuwa na jibu la roba na jibu la ngumi. Kilichotokea ni kwamba baada ya judo kuingia katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, klabu nyingi duniani zililipa kipaumbele suala la medali, na mbinu hizo zikabaki za mitihani ya mikanda ya juu.

Yaliyoonekana mbele ya watu

Ubishi wa nani ni zaidi, mpigaji au mkamataji, umejaribiwa hadharani mara kadhaa, na matokeo yake yanafundisha kuliko maneno.

Desemba 1963, mjini Salt Lake City, Marekani, mchezaji wa judo Gene LeBell alipanda ulingoni dhidi ya bondia Milo Savage. Raundi tatu zilipita. Katika ya nne LeBell alimbwaga bondia, akamkaba, na Savage akapoteza fahamu.

Novemba 1993, mjini Denver, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC, ambayo yaliwakutanisha watu wa mitindo tofauti. Mshindi alikuwa Royce Gracie wa Brazil, ambaye hakuwa mkubwa kuliko wenzake. Usiku mmoja aliwashinda bondia, mwanamieleka na mtaalamu wa mateke, wote kwa kuwashika na kuwapeleka chini. Mtindo wa familia yake ulitokana na mafunzo ya Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan aliyehamia Brazil mwanzoni mwa karne iliyopita.

Wapenzi wa judo wangependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo. Ronda Rousey, aliyeshinda medali ya shaba ya judo katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alitawala mapambano ya wanawake kwa miaka kadhaa, akiwashika wapinzani na kuwakunja viwiko. Novemba 2015, mjini Melbourne, alikutana na Holly Holm, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi. Holm alikataa kushikwa. Kila Rousey aliposonga mbele akitafuta mshiko, alikutana na ngumi, na katika raundi ya pili akapigwa teke la kichwani lililommaliza.

Somo la matukio hayo matatu ni moja. Mpigaji asiyejua kushikana hufa mara tu anaposhikwa. Mkamataji asiyejua kupiga huumia njiani kabla hajashika. Leo hakuna bingwa wa mapambano ya mchanganyiko anayejua upande mmoja tu.

Ramani ya ukanda

Ukitazama ramani ya Afrika Mashariki kwa jicho la michezo hii, unaona maarifa yametawanyika kwa namna ya pekee.

Ndondi ilistawi mapema katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, na jeshi la kikoloni la KAR lilikuwa moja ya vituo vyake. Idi Amin alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi katika miaka ya 1950 akiwa askari. Baada ya uhuru, medali zikafuata. Leo Rwabwogo na Eridadi Mukwanga waliipatia Uganda medali Mexico mwaka 1968, na John Mugabi akachukua fedha Moscow mwaka 1980. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu Seoul mwaka 1988. Ukiondoa riadha, ndondi ndiyo mchezo pekee ulioipa Kenya medali za Olimpiki. Tanzania nayo imekuwa na mabondia wa kulipwa wanaotambulika nje, akiwemo Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyemshangaza Sam Eggington mjini Birmingham mwaka 2018.

Zanzibar ilikwenda njia yake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ndondi zilipigwa marufuku visiwani, na marufuku hiyo ilidumu hadi ilipoondolewa mwaka 2022 chini ya Rais Hussein Mwinyi. Katika kipindi hicho judo ndiyo iliyopata nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyekwishahamia Unguja, alianza kuwafundisha vijana, na visiwa vikawa moja ya ngome za judo katika ukanda. Tanzania imewahi kuwakilishwa katika judo ya Olimpiki na Andrew Thomas Mlugu, aliyecheza uzito wa kilo 73 Rio de Janeiro mwaka 2016 na Paris mwaka 2024.

Upande wa magharibi, katika nchi zinazotumia Kifaransa, judo ina mizizi mirefu. Ufaransa ina wanachama wa judo zaidi ya nusu milioni, na Ubelgiji imetoa mabingwa wa Olimpiki. Lugha, makocha na vitabu vilifika Kinshasa, Bujumbura na Kigali kupitia njia hiyo.

Hakuna aliyeonyesha hilo kwa uchungu zaidi ya Popole Misenga na Yolande Mabika. Wote ni wenyeji wa Bukavu, mji ambao Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto. Misenga alijificha msituni siku nane kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa, na huko ndiko walikofundishwa judo, katika vituo vya watoto waliopoteza makwao. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakabaki huko kuomba hifadhi. Miaka mitatu baadaye walirudi mikekani katika mji uleule, sasa wakiwa wanachama wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki. Misenga alishinda pambano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India kabla ya kutolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini.

Kwa hiyo ukanda huu una kila kitu. Kilicho tatizo ni kwamba kila kitu kiko upande wake wa mpaka. Bondia wa Kampala anaweza kumaliza maisha yake ya ulingoni bila kukutana na kocha wa judo wa Bujumbura. Kijana wa judo wa Unguja alikaa miaka mingi bila ulingo wa ndondi kisiwani kwake. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, safari ya kocha kutoka Goma hadi Nakuru si ya nchi ngeni tena. Shirikisho la michezo linaloandaa kambi ya pamoja ya wapigaji na wakamataji lingetumia fedha kidogo kuliko mashindano mengi, na faida yake ingebaki kwa walimu.

Siri ya Kano

Kabla ya kuzungumzia cha kujifunza, kuna jambo ambalo linawatenganisha wanaojua kujihami na wanaodhani wanajua. Kano alilipa uzito kuliko mbinu yoyote: mazoezi huru dhidi ya mtu anayekataa. Wajapani huyaita randori. Bondia huyaita mazoezi ya kupigana na mwenzake. Jina si muhimu. Muhimu ni kwamba mwenzako hajakubali kuanguka.

Zipo klabu, za judo na za karate, ambazo mwanafunzi anarusha ngumi hewani mwaka mzima, au anamnasua mwenzake aliyesimama kama mlingoti akisubiri kubwagwa. Mwanafunzi huyo ana mwili mzuri na nidhamu nzuri, lakini hajawahi kujua mkono wa mtu aliyekasirika una uzito gani. Mzazi au kijana anayetafuta klabu hana haja ya kuhesabu mikanda ya mwalimu. Aketi pembeni jioni moja, aangalie kama wanafunzi wanapambana kwa kukatalia, na aangalie kama mwalimu anawasimamia wasiumizane. Yote mawili yakiwepo, mahali ni pazuri.

Cha kuchukua kila upande

Mtu aliyezoea ngumi na mateke hahitaji kuwa bingwa wa judo ili azibe shimo lake. Mambo matano yanamtosha kuanzia.

La kwanza ni kuanguka. Judo huanza kwa wiki nyingi za kuanguka nyuma, pembeni na mbele: kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini, mkono unapiga mkeka kusambaza uzito, mwili unabingirika. Hili ndilo somo litakalotumiwa na watu wengi zaidi kuliko yote. Wengi hawatapigana maishani mwao, lakini wote watateleza bafuni, watavuka mtaro au kudondoka na bodaboda.

La pili ni mizani: kusimama na mtu aliyekukunja shati bila kuyumba, na kuuvunja mshiko wake.

La tatu ni kujinasua na roba. Hapa mpangilio ni uleule kwa walimu wengi. Kidevu kinashushwa mara moja kuelekea kwenye kiwiko cha mkabaji, mikono yote miwili inaushika mkono wake na kuuvuta chini ili pumzi na damu vipite, nyonga zinashuka na kusogea pembeni, kisha mwili unageuka kuelekea kwake au unamtupa mbele juu ya bega. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Anayeanza kwa kutupa kabla ya kuokoa shingo atalala katikati ya kutupa. Ni mbinu inayopaswa kurudiwa mamia ya mara, kwa sababu sekunde za kufikiri hazitakuwepo.

La nne ni mibwago miwili au mitatu tu, ile inayofanyika bila kuinama wala kuutoa uso mbele: mtama wa nje, ambapo mguu wa mpinzani unafagiwa kutoka nyuma, na mpitisho wa nyonga.

La tano ni kuinuka. Aliyeanguka mtaani hana faida ya kubaki chini akitafuta kumkaba mtu, hata kama anajua. Rafiki wa adui ana miguu.

Mchezaji wa judo naye ana orodha yake. Ajifunze kuweka mikono juu na kidevu chini. Ajifunze ngumi ya kushoto iliyonyooka, ambayo humzuia mtu na kupima umbali. Ajifunze teke la chini la paja. Zaidi ya yote ajifunze kupigwa: aingie ulingoni na glovu kubwa na kinga ya meno, apokee ngumi nyepesi, na aizoee mshtuko wake. Mtu aliyepigwa mara mia katika mazoezi hafumbi macho mtaani.

Na yapo ya kusahau. Sheria za mashindano ya judo zimebadilika, na tangu mwaka 2010 kushika miguu ya mpinzani kumebanwa hadi kukatazwa kabisa. Mchezaji kijana aliyelelewa chini ya sheria hizo huenda hajawahi kujilinda na mtu anayemrukia magotini. Kadhalika mpiganaji wa taekwondo, anayepata pointi nyingi kwa mateke ya kichwa, akumbuke kwamba lami yenye mchanga na suruali ya jinzi si sakafu ya ukumbi.

Kuhusu ratiba, kanuni inayofanya kazi ni kuwa na mchezo mmoja wa msingi na mmoja wa kujazia. Anayeanza yote mawili siku moja, kwa uzito sawa, mara nyingi huishia kujua nusu ya kila kimoja. Mwaka mmoja au miwili katika mchezo wa kwanza, kisha siku moja au mbili kwa wiki katika wa pili, ni njia ambayo mwili na mfuko vinaweza kuimudu. Mikeka ni ghali, na hilo limezuia judo kuenea katika vitongoji. Lakini turubai zito lililofungwa vizuri juu ya tabaka nene la maranda ya mbao ni njia ya zamani, na bado linapokea miili.

Kutoka Korogocho

Ushahidi bora wa kujihami katika ukanda huu haukutoka kwa wanaume wenye misuli. Umetoka Korogocho na mitaa mingine duni ya Nairobi.

Huko mabibi wazee walijiunga katika kikundi kilichojulikana kama Cucu Jukinge, jina linalowahimiza wajikinge wenyewe, baada ya wenzao kushambuliwa na kubakwa na vijana. Wakajifunza kupiga pale panapouma, kwa kiganja na kwa fimbo, na kupiga kelele kwa sauti ya tumbo.

Wasichana wa shule wa mitaa hiyo nao walifundishwa kujihami katika mpango uliofuatiliwa na watafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la Pediatrics yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wasichana waliofundishwa walitumia walichojifunza kuzuia shambulio katika mwaka uliofuata. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya wiki chache tu, si ya mkanda mweusi.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapo. Kwanza, silaha ya kwanza waliyofundishwa ilikuwa sauti: kusema hapana kwa nguvu, kudanganya, kuita watu, kukimbia. Kupiga kulikuja mwisho. Pili, mara nyingi mshambuliaji hakuwa mtu wa uchochoroni, alikuwa mtu wanayemjua. Mtu wa namna hiyo haanzi kwa umbali wa ngumi. Anaanza kwa kushika mkono, kuziba mlango, kumlaza mtu chini kwa uzito wake. Ni umbali wa judo. Msichana anayejua kusogeza nyonga, kumtoa mtu juu yake na kuinuka, kisha anajua pa kumpiga kiganja ili akimbie, amebeba maarifa yote mawili yanayohitajika.

Mpaka wa maarifa

Hakuna mwalimu mwaminifu anayeahidi zaidi ya haya. Dhidi ya panga, au dhidi ya kundi la vijana wa aina ya panya road walioitikisa Dar es Salaam, ngumi na mibwago ni mlango wa mwisho kabisa. Anayedaiwa simu aitoe. Simu hununuliwa, shingo hainunuliwi.

Sheria nayo inaangalia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 18 na vinavyofuata, inatambua haki ya mtu kujilinda yeye, mwenzake na mali yake, lakini kwa nguvu inayostahili kulingana na hatari. Kenya nayo, katika kifungu cha 17 cha Kanuni yake ya Adhabu, inatambua haki hiyo kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza. Katika mikeka, mpitisho wa nyonga ni alama. Kwenye lami au ukingo wa mtaro ni fuvu. Mkabo ulioshikiliwa baada ya mtu kulegea unaweza kuua. Aliyefanikiwa kujinasua kisha akaendelea kumpiga aliyelala ametoka katika kujilinda na ameingia katika kosa jingine, na ujuzi wake hautamsaidia mbele ya hakimu.

Hapa pia mchanganyiko wa maarifa una faida isiyotajwa sana. Anayejua ngumi peke yake, akishambuliwa na jirani mlevi au ndugu mwenye hasira, hana chaguo ila kumuumiza. Anayejua pia kushika na kubana anaweza kumlaza chini, akamtuliza, akasubiri watu wafike. Kondakta wa matatu, mlinzi wa benki, muuguzi wa zamu ya usiku na askari wa doria wanakutana na hali hiyo mara nyingi kuliko wanavyokutana na jambazi.

Jioni hii, vijana watafunga glovu katika kumbi za Kampala na Manzese. Wengine watakunja mavazi meupe Unguja, Bujumbura na Bukavu. Wote watarudi nyumbani usiku kwa miguu, kila mmoja akiwa na nusu ya jibu. Nusu ya pili iko kwa jirani, na anafundisha kwa lugha wanayoijua.